Bangili Tatu Barabarani

Gari la bibi harusi lilikuwa limepambwa mpaka likawa gereza. Utepe mweupe ulizungushwa mwili mzima, ukapitishwa ndani ya vitasa vya milango ya nyuma na kukazwa kwa fundo. Humo ndani Nashwa alizama kwenye gauni lililojaa kiti kizima, na Wagih, aliyefungishwa naye ndoa jana yake, alibanwa pembeni akishikilia shela isije ikakunjamana.

Usukani ulikuwa wa Shawki, kaka mkubwa wa Wagih, dereva wa lori wa masafa ya Aswan. Nashwa alikuwa amemwona nje ya saluni akimeza vidonge viwili vyekundu, vile vya maumivu ambavyo wenye malori humeza ili wausahau usingizi, akivisukuma kwa bia iliyofichwa kwenye mfuko wa karatasi. Aliona, akanyamaza. Bibi harusi gani aanze kumwumbua shemeji yake mlangoni pa saluni?

Jua la alasiri lilikuwa bado kali. Nyuma yao magari kumi na tano yalipiga honi, na Shawki, kama desturi inavyotaka, akalichezesha gari kushoto na kulia barabara nzima. Upande wa kulia hapakuwa na ukingo, ni mfereji tu.

"Kaka Shawki, taratibu basi. Maji hayo hapo."

"Ehe! Shemeji ameshaanza kutuamrisha, na chumvi ya kwetu hajaionja! Mimi lori la tani thelathini nalibembeleza hapahapa mpaka linalala."

Kwenye kioo, aliyekuwa akilala ni yeye. Kope zilishuka, zikapanda, zikashuka tena. Nashwa alimfinya mumewe paja. "Mwambie asimame. Anasinzia."

"Nimwambieje, Nashwa? Yule ndiye aliyenilea. Na mama alishasema, gari la bibi harusi lisisimame njiani, ni mkosi. Dakika kumi tu, tumefika ukumbini."

Pikipiki ilitokea mbele yao, ikawakwepa kwa unywele. Shawki akacheka sana. Nashwa alisukuma mlango, utepe ukamrudisha. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na kilichomtia uchungu zaidi ni kwamba alikuwa akiogopa peke yake.

Ndipo alipotazama mkono wake. Bangili tatu za dhahabu, alizochagua mama mkwe mwenyewe na kuzionyesha mtaa mzima. Akashusha kioo, akazivua, akazitupa zote barabarani.

"Dhahabu! Dhahabu yangu imeanguka!"

Breki zililia kutoka gari la kwanza hadi la mwisho. Kwa ajili ya roho yake hakuna aliyesimama, lakini kwa bangili walisimama wote. Shawki aliruka chini, akaukata utepe kwa kisu, na wanaume wazima wenye suti wakapiga magoti kwenye vumbi.

Nashwa alishuka, akakaa mbali na gari. Wagih akaja anahema, bangili mkononi. "Zimepatikana zote. Haya, panda."

"Nilizitupa mwenyewe. Mwombe kaka yako ufunguo, uendeshe wewe, nami nitapanda."

Wagih alimtazama kaka yake, aliyekuwa ameegemea boneti akitabasamu peke yake.

"Mdogo wangu, umeshakaliwa na mke?" Shawki aliuliza. "Hata ukumbini hatujafika!"

Mama mkwe, Hajja Insaf, alikuwa ameshateremka kwenye gari la pili. "Wagih, watu wanaangalia."

Kweli walikuwa wanaangalia. Wagih alimtia Nashwa bangili kiganjani bila kumtazama usoni. "Wewe njoo na mama," alisema, akaenda kukaa mbele, kando ya kaka yake.

"Wagih, shuka! Nakuomba, shuka!"

Alipunga mkono dirishani. Gari likaondoka likicheza, kushoto, kulia, kushoto, utepe uliokatwa ukiburuzika nyuma. Kwenye kona ya pampu ya maji likaenda kulia, na halikurudi.

Shawki alitolewa majini akikohoa. Wagih alitolewa baada yake, na hakukohoa.

Siku ya tatu ya matanga wanawake wenye nguo nyeusi walijaa sebuleni kwa Hajja Insaf, Nashwa katikati yao, hana pa kupitisha hata mguu. Kila aliyeingia, Hajja alimwambia yaleyale. "Nilisema gari lisisimame njiani. Likasimamishwa." Macho yote yakamgeukia Nashwa. Nje, kwenye hema la wanaume, Shawki alikuwa akipokea mikono ya rambirambi, bega limefungwa bandeji.

Nashwa alizivua bangili, akaziweka mapajani mwa mama mkwe. "Mama, kaka Shawki alimeza vidonge, akanywa na bia. Nilimwona saluni, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu."

Hajja Insaf alizitazama zile bangili kwa muda mrefu, kisha akaziingiza polepole kwenye mfuko wa gauni lake.

"Mwongezeeni bibi harusi kahawa," alisema, kana kwamba hakuna lililosemwa, na wakamwongezea.