Lenzi ya Luteni Muhidini

Vumbi la Mkata lilimwingia Luteni Muhidini jicho la kushoto, chini ya lenzi aliyoivaa humo badala ya miwani. Aliitoa, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa, akaenda uani kunawa uso. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu.

"Bibi, maji yangu?"

"Nimewapa vifaranga," alijibu Bibi Swaumu, aliyezoea kumwita mjukuu wake mume kwa utani. "Mume wangu, umesahau kwenu? Tangu tuhamishiwe kijiji hiki maji tunayafuata lamboni, maili tatu, nawe unayaacha kikombeni?"

"Mlikuwa na jicho langu humo."

"Jicho lipi? Mbona yote mawili nayaona, tena umenitolea!"

Walichekecha mchanga mpaka alasiri. Kigamba cha plastiki kidogo kuliko ukucha hakikuonekana. Kuku mmoja alishukiwa, akaachiwa kwa kukosa ushahidi.

Mwaka huo wa 1976, kikosini kwake rubani alitakiwa kuona vizuri kwa macho matupu. Macho ya Muhidini yalififia baada ya kuhitimu. Lenzi alizinunua mwenyewe aliporudi mafunzoni ng'ambo, na kwa miaka miwili hakumwambia mtu. Jumatatu angepimwa. Akishindwa, hataruka tena.

Kesho yake alipanda basi hadi Korogwe, kwa Yordani wa Masuguru, aliyesoma naye, sasa tabibu wa macho.

"Niandikie cheti kwamba macho yangu ni mazima."

"Kaa kwanza nikupime, afande."

Jicho la kulia, lenye lenzi, lilisoma mpaka mstari wa mwisho. La kushoto lilikomea wa pili.

"Uongo siandiki," alisema Yordani. "Ukigonga mlima, bibi yako nitamwambia nini?"

"Basi nimekwisha."

"Nani kasema? Toa na hiyo ya kulia."

Nalo likakomea mstari wa pili. Yordani akaandika: bila lenzi, macho yote sita kwa thelathini na sita, yaani hafifu; la kulia kwa lenzi, sita kwa sita, yaani kamili.

"Wewe umeogopa nusu ya kwanza tu ya cheti hiki. Peleka zote mbili."

Alizipeleka. Daktari wa kikosi alisoma mara mbili, akamsimamisha kuruka miezi mitatu kwa kuficha, kisha akaagiza lenzi mpya na kumpima angani, mwalimu akiwa kiti cha nyuma. Katika safari kumi na mbili, zenye jua kali na mizunguko mikali, lenzi hazikusogea.

Jina la Muhidini lilirudi kwenye orodha ya marubani, kando yake pameandikwa "kwa lenzi." Wiki hiyohiyo rubani mwingine alibisha hodi kwa daktari, akafunga mlango nyuma yake, akauliza mwenye lenzi hupimwaje.