Mbwa wa Nusu kwa Nusu

Mfugaji alieleza kwa mara ya pili, taratibu, na kwa mara ya pili Fundi Sponji akatikisa kichwa kukubali kitu asichokielewa. Kwa kujaza na kushona makochi hakuna aliyemzidi mtaani kwao, hilo hata washindani wake walikiri kwa shingo upande. Ukoo wa mbwa ndio uliomtoa jasho.

"Baba ni pudo, yule mwenye manyoya ya kujisokota," alisema mfugaji, mama mmoja mwenye mabuti ya mpira, watoto wa mbwa wakimzonga miguuni. "Mama ni labrado, yule wa nywele fupi za kunyooka, wa kupukutika kutwa. Mtoto wao tunamwita labradudo, kizazi cha kwanza. Nusu kwa nusu."

"Haya. Na hawa wa upande huu?"

"Hawa mama yao ndiye huyo labradudo. Baba yao pudo."

"Pudo yuleyule? Yaani babu yao ndiye baba yao?"

"Pudo mwingine, fundi. Mimi sifugi aibu."

"Kwa hiyo ni wajukuu wa pudo, na hapohapo ni watoto wa pudo."

"Umeshika. Robo tatu pudo. Hawa kwa kawaida hawapukutishi manyoya sana. Wa nusu kwa nusu ni bahati tu: mmoja atachukua nywele za baba, mwingine za mama, na wote tumbo moja."

Fundi alimtazama mtoto wa robo tatu, akamtazama wa nusu, asione tofauti. Nyumbani alikuwa na binti mwenye pumu, ambaye tangu ajue kusema alikuwa akiomba mbwa. Daktari alikubali wajaribu mbwa wa aina hii, kwa sharti moja: kifua kikianza kubana, mbwa aondoke, bila mjadala. Kwa hiyo kuchagua hapa halikuwa jambo la kubahatisha, naye akachagua kama alivyozoea kuchagua vitu vya karakana. Kitambaa cha daraja la kwanza ndicho kinachodumu. Sponji iliyotoka kiwandani mara ya kwanza ndiyo imara, na ile iliyosagwa ikagandishwa upya ni ya kulalia wageni usiowapenda. Cha kwanza ni cha kwanza. Akamchukua wa kizazi cha kwanza, akaondoka kifua mbele.

Binti alimpa mbwa jina la Mawimbi, maana nywele zake hazikuwa za kujisokota wala za kunyooka. Mawimbi alikula, akalala, akakua. Mfugaji alikuwa amesema baba yake ni pudo wa wastani, si wale wa kupakata wala wale wakubwa, na fundi akajipa moyo kwamba mbwa atatosha chini ya meza. Kabla mwaka haujaisha Mawimbi alikuwa akiweka kidevu juu ya meza bila kujinyoosha.

"Wastani wa nini?" mkewe aliuliza. "Wa ng'ombe?"

Lakini alimpenda, wote walimpenda. Binti alimsomea masomo yake ya shule, na mbwa alisikiliza vizuri kuliko mwanafunzi yeyote. Miezi ikapita, kifua cha binti kimetulia. Kisha asubuhi moja kikaanza kupiga filimbi, na kesho yake tena, na mkewe alipofagia chini ya kochi akatoa kidonge cha manyoya, laini, cha rangi ya kijivu.

"Haya sasa," alisema, akikiweka mezani mbele ya mumewe. "Nusu ya mama imeamka."

Fundi alimpigia simu mfugaji, akaelezwa upya habari za vizazi, safari hii na cha pili kikiwemo, ambacho ni watoto wa nusu kwa nusu wenyewe kwa wenyewe, na huko hata mfugaji hathubutu kutabiri. Alikata simu kichwa kikimzunguka. Alichoelewa ni kwamba alichagua vibaya, na mtoto wake ndiye anayelipia kwa pumzi.

Binti hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, mkono shingoni mwa mbwa.

"Ni nusu ipi inayonibana?"

"Haijulikani, mama," alisema baba yake. "Zimechanganyika."

"Si mumwambie achague nusu moja."

Walimrudisha Mawimbi kwa mfugaji. Fundi aliumia kwa namna ambayo hakuitarajia kwa ajili ya mbwa. Jioni hiyo alipotoka karakana alisimama mlangoni, akisubiri vishindo ambavyo havikuja.

Nyumba ilisafishwa kuanzia darini mpaka uvunguni. Mapazia yalifuliwa, kochi likakung'utwa uani. Halafu, siku zilipopita na kila mtu ameanza kuzoea, filimbi ikarudi. Mkewe akachukua ufagio, akainama, akatoka na kidonge kingine, kilekile cha kijivu.

"Niambie wewe mwenye akili. Mbwa gani huyu anayepukutika akiwa hayupo?"

Fundi alikiokota. Safari ya kwanza hakukigusa, aliamini macho ya mkewe na hasira yake mwenyewe. Sasa alikisugua kati ya kidole na dole gumba, na vidole vikajua kabla yake. Hata hivyo alitaka uhakika. Alifanya vile afanyavyo siku zote mteja anapoapa kwamba kochi lake la zamani limejazwa sufu: aliwasha kiberiti, akakichoma pembeni. Manyoya yangesinyaa na kunuka nywele za kuungua. Hiki kiliwaka haraka, kikanuka karatasi, kikabaki majivu mepesi.

Pamba. Pamba kuukuu ya makochi ya watu, aliyokuwa akiichambua karakana kutwa nzima tangu zilipoanza kuingia oda za kukarabati samani za zamani, siku chache kabla ya filimbi ya kwanza. Ilikuwa kwenye mikunjo ya suruali yake, mfukoni, kwenye nywele za mikono. Kila jioni ndiyo iliyoingia naye nyumbani, na kila jioni binti yake alimkimbilia mlangoni akazika uso kwenye shati hilohilo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amelibeba kwenye shati zima.

Aliwaeleza wote wawili palepale, akiwa amesimama, bila kujitetea. Mawimbi hakuwa na kosa. Nusu zake zote mbili hazikuwa na kosa. Mkewe alikaa chini polepole na ufagio mkononi, akafumba macho.

Binti alikunja uso. Alikuwa akijitahidi kuelewa, ungemwona kabisa akipanga mambo kichwani: kwanza hili, halafu lile, na sharti la daktari lisilo na mjadala. Alirudi nyuma hatua kadhaa, mbali na shati la baba yake, akavuta pumzi iliyopiga filimbi.

"Na wewe, baba," aliuliza, "tutakurudisha kwa nani?"