Wasiliana na Msimamizi wa Kompyuta Hii

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, Mama Sindano alichomeka flashi kwenye kompyuta kwa mara ya nne. Kwanza aliipuliza kama mtu anayepoza chai, kisha akabonyeza kitufe cha "Sakinisha". Wifi yake alisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini. Asilimia kumi. Asilimia ishirini na mbili.

"Inakwenda!" wifi akapiga kelele. "Wifi yangu, inakwenda!"

"Nyamaza, utaitia kijicho."

Mstari ukasimama. Kompyuta ikavuma, ikatulia, ikatoa ujumbe kwamba nafasi kwenye diski haitoshi.

Ilikuwa kompyuta ya miaka kumi na miwili, boksi la rangi ya maziwa lililogeuka manjano pembeni. Ilikaa sebuleni kati ya cherehani na rundo la vitambaa vya bluu, na ikiwaka ilinguruma kuliko cherehani yenyewe. Siku zote ilitumika kuandikia risala za harusi na kutunzia picha. Sasa Mama Sindano aliitaka kwa kazi ya kweli. Shule iliyo ng'ambo ya mto ilikuwa imempa kazi ya kushona sare za wanafunzi wote mia tatu na kumi na wawili, na mwalimu mkuu akampa flashi yenye programu ya kuchora ruwaza. Ukiingiza vipimo, inakupangia kila kipande juu ya kitambaa, mikono, kola, mifuko, bila kupoteza hata upana wa kidole. Kwa mkono kazi hiyo ingemla mwezi mzima, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya wiki mbili. Tangu Alhamisi hakulala vizuri, si kwa wasiwasi, bali kwa furaha ya mtu mwenye safari.

Walimpigia fundi wa kompyuta, wakaweka simu mezani ili wote wasikie.

"Wifi ipo?" fundi akauliza.

"Yupo, nyuma yangu hapa," Mama Sindano akajibu.

"Nasema ile ya hewani, mama."

"Hiyo hatuna."

"Haidhuru. Futa vitu usivyovihitaji, uizime, uiwashe, ujaribu tena."

Walifuta picha za harusi za watu ambao walikwisha kuachana, na risala za watu walioacha kazi. Wakaizima, wakaiwasha. Mstari ulipita ishirini na mbili mbio mbio, wifi akaanza kupiga makofi, ukafika arobaini na moja. Ujumbe mwingine ukatokea: *Huna ruhusa ya kuendelea. Wasiliana na msimamizi wa kompyuta hii.*

"Msimamizi ni nani?" fundi akauliza.

"Mume wangu."

"Basi mwombe paswedi."

"Alifariki. Mwaka wa sita huu."

Ilisikika sauti ya bisibisi ya fundi ikiwekwa juu ya meza. "Pole, mama. Lakini ujumbe unasema uwasiliane naye. Jaribu kwanza. Ikishindikana nitakuja Jumanne."

Wifi alikuwa amefanya kazi ya kupokea simu hospitalini kwa miaka ishirini na minane, na hakuna mtu aliyewahi kumtafuta akamkosa. Aliinama, akaweka mdomo karibu na matundu ya nyuma ya boksi, mahali feni inapotolea joto, akaita kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitia madaktari.

"Kaka! Kuna mtu anakutaka huku mbele!"

Mlango wa uani ukagongwa. "Hodi," akasema marehemu mwenyewe, Mkaguzi.

"Karibu," mkewe akajibu. "Vua viatu, nimedeki."

Alivua. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vimelowa mpaka magotini, na mkononi alikuwa na tochi na futi ya chuma. Katika uhai wake alikuwa mkaguzi wa madaraja, na alikufa kwa homa ya mapafu baada ya kushinda siku nzima ndani ya maji, chini ya daraja la waenda kwa miguu. Hakuwa amezeeka hata siku moja. Alimkumbatia dada yake, akamshika mkewe bega akauacha mkono wake hapo kwa muda, halafu akauliza tatizo ni nini.

"Inataka paswedi," Mama Sindano akasema. Moyo ulikuwa unamdunda mpaka akaona haya, mwanamke wa umri wake. "Ni nini hiyo paswedi, miaka yote hii?"

Mkaguzi alikaa, akainamia kibodi. "Ni kiuno chako. Kipimo cha gauni la harusi. Sitini na nane."

"Enzi hizo," akasema wifi.

"Hata sasa ndiyo paswedi," akasema Mkaguzi, akaiandika.

Kompyuta ikakubali. Wanawake wote wawili wakaruka. Lakini kabla mstari haujasogea, ukatokea ujumbe wa tatu: *Mtumiaji mwingine ana kazi ambayo haijahifadhiwa. Ukiendelea, kazi hiyo itapotea.*

"Hiyo ni yangu," Mkaguzi akasema. "Ngojeni."

Kompyuta hiyo ilikuwa imezimwa na kuwashwa mara nyingi ndani ya miaka sita, na umeme ulikuwa umeikatikia mara nyingi zaidi, lakini kazi haikuwa imehifadhiwa wala haikuwa imepotea. Aliifungua. Ilikuwa ripoti ya ukaguzi wa daraja la waenda kwa miguu, kurasa saba, nayo ilikatika kwenye maneno "nguzo ya pili ina".

Mama Sindano akavaa miwani, akaisoma yote begani kwa mumewe. Hakuwa mtu wa ujenzi, lakini alielewa vipimo. Nondo zilizotakiwa kuwa milimita kumi na sita zilikuwa nane. Zege lilikuwa na mchanga mwingi kuliko saruji. Mto ulikuwa umechimba chini ya nguzo ya pili. Mwishoni mwa ukurasa wa sita iliandikwa kwamba daraja lifungwe mara moja.

"Siku ya msiba walikuja watu wa ofisi," akasema polepole. "Niliwauliza kama uliacha ripoti. Wakasema hukuandika. Wakasema daraja limekaguliwa na mwenzako, na ni zima."

"Mwenzangu hakushuka majini," Mkaguzi akasema. "Alikuwa na suruali mpya."

"Watoto wangu wanapita hapo." Alikuwa amewapima mmoja mmoja kwa siku mbili, na sasa aliwaita watoto wake bila kufikiri. "Wanapita asubuhi na mchana. Andika, baba. Andika haraka."

Aliandika kwa dakika arobaini. Nguzo ya pili ina ufa wa upana wa sentimita nne, akaandika, na mkono wa mkaguzi unaingia ndani yake mpaka kwenye kifundo. Wifi alimpa habari za ukoo alizozikosa, nani kaoa, nani kahama, nani hasalimiani na nani, naye akawa anaitikia "enhe" bila kuinua kichwa, kama alivyofanya siku zote. Walipohifadhi ripoti, kompyuta ilitoa mlio mdogo, na Mama Sindano akaupigia kofi la furaha. Wakachapa nakala tatu. Karatasi ilikwama mara moja tu.

Kisha wakarudi kwenye programu. Mstari wa kijani ukaenda hamsini, sitini, sabini na tano. Wote watatu walikuwa wameinama mbele ya skrini, vichwa vikigusana, wakiusukuma kwa macho. Themanini na nane. Ukasimama.

*Tarehe ya kompyuta hii si sahihi.*

Walitazama pembeni mwa skrini. Ndani ya boksi mna betri ndogo, bapa kama kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kukumbuka tarehe. Ilikuwa imekufa zamani, na kila ilipowashwa kompyuta ilianza upya kwenye Jumanne moja ya miaka sita iliyopita. Hakuna aliyekuwa akijali.

"Kwa tarehe hii nina wiki tisa za kuishi," Mkaguzi akasema. "Ndiyo sababu nimeweza kuja."

"Tukiirekebisha?"

"Nitakuwa nimekufa." Alisema kama mtu anayesema kwamba leo yuko zamu ya jioni.

Mama Sindano aliondoa mkono kwenye kipanya. "Basi isubiri kidogo," akasema.

Alitia chai. Mkaguzi hakunywa, ila alikizungushia kikombe viganja vyake vyote viwili. Mkewe alichukua futi ya kitambaa iliyokuwa shingoni, akampima mabega, kifua, urefu wa mkono, bila kumwambia ni kwa nguo gani, akaandika namba zote kwenye daftari la vipimo, chini ya mtoto wa mwisho wa darasa la saba. Wifi alijifanya anatafuta kitu jikoni na akakikosa kwa muda mrefu.

"Weka ya leo," Mkaguzi akasema hatimaye. "Ripoti na sare, vyote vinangoja."

Aliweka siku. Akaweka mwezi. Kwenye mwaka ilibidi abonyeze mara sita, na kila alipobonyeza alimtazama. Mara ya tano alikuwa bado anatabasamu. Mara ya sita kiti kilikuwa kitupu, na kikombe kilikuwa bado cha moto.

Mstari wa kijani ukaruka kutoka themanini na nane mpaka mia moja. *Usakinishaji umekamilika.* Wifi akatoka jikoni anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka, na Mama Sindano akashtukia na yeye anavipiga. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wameingiza vipimo vya madarasa mawili, na ruwaza ya kwanza ilikuwa inatoka kwenye printa, mkono wa shati, safi kabisa.

Jumatatu waliipeleka ripoti ofisini alikofanyia kazi Mkaguzi. Karani wa masjala aliisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa.

"Marehemu aliiandika lini?"

"Juzi, Jumamosi," Mama Sindano akasema. "Nilikuwepo."

"Na mimi nilikuwepo," wifi akasema.

"Jumamosi si siku ya kazi," karani akasema kwa upole. "Na mtumishi akifariki, mamlaka yake ya kusaini yanakoma. Lakini tutaipokea, mama. Hatukatai kitu."

Alipiga muhuri, akavuta droo ndefu ya chuma iliyoandikwa "Marehemu". Ilikuwa imejaa pomoni. Mlikuwa na ripoti za matanki, za kuta za shule, za nyaya za umeme, za lifti moja. Nyingine zilikuwa bado mbichi kwa maji. Aliisukuma ya Mkaguzi kwa nguvu ili iingie.

"Ya nne mwezi huu," akasema. "Wanajitahidi sana."

Mama Sindano aliacha nakala ya pili kwa mhandisi mkuu, na ya tatu kwa mwalimu mkuu, ambaye aliisoma usiku huo huo na kuandika barua kali ya kurasa tatu. Ofisi ilijibu upesi kuliko ilivyowahi kujibu barua yoyote. Ndani ya siku kumi walikuja mafundi wanane na makopo ya rangi, wakazipaka reli zote za kushikia za daraja rangi ya kijani, wakabandika kibao kipya kinachosema limekaguliwa.

Shule ilifunguliwa. Sare mia tatu na kumi na mbili ziliwakaa watoto kama zilivyokusudiwa, mabega yakiwa mabega na mikono ikiishia kwenye vifundo. Njia nyingine ya kwenda shuleni ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na wazazi wachache waliowapitisha watoto huko walichoka siku ya tatu. Basi kila asubuhi Mama Sindano husimama upande mmoja wa daraja na wifi upande wa pili. Huwavusha kumi kumi, wasikimbie, wasirukeruke, na wifi hupaza sauti kutoka ng'ambo kundi linapofika salama, "Leta wengine!", na watoto hushangilia, kwa maana wao wanauona kama mchezo. Mia tatu na kumi na wawili wakitimia, wanawake hao hurudi nyumbani kushona.

Saa nane mchana huja tena kuwavusha kuwarudisha.