Viganja vya Apiyo

Sisi watoto wa kambi ya wachuma chai hatukujua pumu. Tulizaliwa hapa Kimulot, baba akifanya kazi kiwandani, na kiatu tulikivaa Jumapili tu. Mimi na mdogo wangu Apiyo tulikimbizana miguu mitupu kati ya mistari ya chai, matope yakipenya vidoleni, na hakuna aliyepiga chafya. Raha iliyoje! Siku hizo nazililia mpaka leo.

Mjukuu wangu Maxine, miaka sita, ana viatu jozi nne na kifua kinachopiga filimbi kama birika. Vumbi kidogo, pampu ya kuvuta. Paka akipita, pampu. Wiki jana nilimlalamikia nesi Chepkemboi pale zahanati.

"Mama, nyinyi mlikuwa na minyoo, ile inaingia kwa nyayo ukitembea bila viatu," akacheka. "Na minyoo iko na akili. Inatuliza kinga ya mwili ndio isifukuzwe. Kuna wenye wanasema kinga ikitulia hivyo, hata vumbi haiisumbui sana. Lakini bado wanachunguza."

"Basi mpe Maxine minyoo!"

"Wacha mchezo, mama. Askari akilala, si kila mwizi ataingia? Hata chanjo inaweza kosa kushika vizuri."

Sikio langu lilichukua lililolitaka. Jana mchana, Maxine alipomaliza kukohoa, nilimpeleka nyuma ya kambi ya zamani, karibu na vyoo vya shimo, tulipokuwa tukicheza. Nikamwambia avue viatu. Mimi mzee mzima, nilijiona nimewapiku madaktari.

Alivua kimoja, akayumba, akaninyooshea mkono mimi bibi yake. "Dani, nishike!"

Nikakiona kiganja chake. Kilikuwa chekundu.

Mama alikuwa akitukagua viganja kila Jumapili kabla ya kanisa. Mwaka ule vya Apiyo vilikuwa vyeupe kama karatasi, na mama akamsifu mbele yangu kwamba yeye ndiye msafi. Nilimwonea wivu. Hatukujua ni minyoo, inamnyonya damu. Apiyo akaanza kula udongo, kisha akawa anakaa tu kwenye chai akinitazama nikikimbia. Miaka yote hii nimesimulia zile mbio, wala sijawahi kusimulia zilivyokwisha. Tulimzika na viatu vyake vya Jumapili, soli bado mpya.

Niliushika mguu wa Maxine kabla haujagusa chini.

"Lakini Dani, ulisema tutakimbia."

"Tutakimbia," nikasema, nikimfunga kamba mafundo mawili. "Na viatu."