Mfadhili Uliyemtafuta

Asubuhi vumbi la vitambaa huelea kwenye mwanga wa dirisha letu. Wewe, mdogo wangu, uliketi humo ukishona kola, na vidonge vyako kabatini havijaguswa. Nina hasira. Acha niiseme yote.

Nina hasira na redio ya kinyozi jirani. Mtangazaji alisema kwa mbwembwe: mtu amepona virusi vya ukimwi, amepandikizwa uboho, amepata mfadhili. Amepona! Mtaa mzima ukalirukia neno hilo, na wewe ukalimeza badala ya dawa.

Mfadhili. Wewe ukasikia tajiri. Ukavaa shati lako la kwendea harusi za watu, ukabisha hodi ofisi hii na ile, "Naomba mfadhili wa kunitibu," na makarani wakachekea viganjani. Nina hasira na vicheko vyao.

Nikakuburuta hadi kwa daktari. Yule mama hakuzunguka. Mfadhili ni mtu wa kukupa uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, alisema, siyo pesa. Na hutafutwa yule adimu ambaye seli zake hazina mlango wa kuingilia kirusi. Uboho wako wewe huuliwa kwanza kwa dawa kali, na wengine hufia hapo hapo. Ndiyo maana hufanyiwa wale ambao tayari wana saratani ya damu na hawana njia nyingine.

Halafu ukauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya vifungo:

"Sasa daktari, hiyo saratani mtu anaipataje?"

Saratani! Mwanamume mzima, baba wa mapacha, unaitamani saratani! Nina hasira nawe. Nina hasira na wanaokukodolea macho kila ukikohoa. Miaka yote hiyo ya kumeza kwa kujificha, nani asingechoka? Nakuelewa, na bado nina hasira.

Jioni nikakusimamia na kikombe cha maji.

"Kesho, dada."

"Leo. Hao wataalamu waache watafute, nawaombea. Siku wakiipata njia ya watu kama wewe, wakukute hai."

Ukatia kidonge mdomoni, ukanywa maji. Nikakwambia ufungue mdomo. Ukafungua, wewe fundi mwenye ndevu, nami nikachungulia chini ya ulimi wako.

Kidonge kilikuwa bado kipo.

"Meza," nikasema, na sikuondoka.