Mtoto Asiyeshtuka

"Mtoto gani huyu, hana hata kelele!" Kila aliyeingia nyumba ile ya kisiwani Chula alisema hivyo, na Mwanaharusi alikuwa amechoshwa na sifa hiyo tangu kabla ya arobaini. Mwanawe, Athmani, alilala hatua kumi kutoka mashua zinapoundwa, nyundo zikilia tangu asubuhi, na hata ukope hautikisiki.

"Hasikii," aliwaambia.

"Astaghafirullahi!" Mama mkwe wake, Bi Mashavu, akapiga makofi mbele ya uso wa mtoto. Mtoto akapepesa macho. "Haya, si huyo kasikia?"

"Kaona mikono yako, mama! Na upepo umempiga."

"Unamtafutia mwanao kilema. Huyu ni mtu mtulivu tu, kama babu yake."

Mwanaharusi akampeleka mtoto Kismayu. Daktari wa Kitaliana akamtazama ulimi, akatoa kwinini, dawa ya homa. Kwinini ya masikio! Mwanaharusi aliimwaga baharini njiani kurudi.

Hawakujua kilichomsumbua Mwanaharusi. Nduguye, Badi, alichapwa miaka mitano kwa ukaidi: anaitwa, haitiki, bakora, mpaka ikajulikana kuwa hakuwahi kusikia hata jina lake. Hadi leo ukiinua mkono kujikuna, Badi hujikinga kichwa.

Asubuhi moja Mwanaharusi akambeba mtoto mpaka kwa mumewe, Mahmudi, aliyekuwa akipigilia ubao wa mashua. Akamlaza juu ya ubao uleule.

"Gonga."

Mahmudi akagonga. Mtoto akaruka, mikono juu.

"Umeona!" Mahmudi akacheka. "Miezi miwili watusumbua bure, wee mwanamke."

Mwanaharusi akasonya. Akamwinua mtoto, akampakata, kisogo kwa baba. "Gonga tena."

Akagonga. Akagonga mpaka msumari ukazama, mpaka mafundi wengine wakageuka. Mtoto ananyonya kidole chake, hana habari.

"Mtikiso wa ubao," Mahmudi akasema polepole.

"Ndiyo, fundi. Mtikiso wa ubao. Siku zote hizi nasema nini, Kitaliana?"

Mahmudi akaweka nyundo chini. Akafungua kinywa kumwita mwanawe, akakifunga. Akazunguka mpaka akafika mbele, akachuchumaa, akangoja mtoto amwone kwanza, ndipo akamgusa shavu.

"Na mama je?" akauliza.

"Mama yako mwambie wewe," Mwanaharusi akajibu. "Mimi sauti imenikauka."