Chini ya Kilo Tano

Kila asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la dawa, mtoa dawa wa zahanati aliweka jiwe la kilo mbili kwenye mizani ya watoto, akasubiri mshale utulie, kisha akaliondoa na kulifuta sinia kwa spiriti. Wenzake walimwita Gramu. Jina hilo halikumkera. Katika miaka kumi na tisa ya kazi hakuwahi kumzidishia mtu kidonge wala kumpunguzia, na si wengi pale walioweza kusema hivyo wakiwa wamekaza macho.

Dawa ya malaria ilitolewa kwa uzito. Jedwali lilibandikwa ukutani: kuanzia kilo tano hadi kumi na nne, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku tatu; uzito ukizidi hapo, idadi ilipanda hadi vidonge vinne kwa mtu mzima. Chini ya kilo tano palikuwa na mstari mweusi tu. Vidonge vyenyewe vilikuwa vile vile kwa mkubwa na mdogo, rangi moja, uchungu mmoja. Kilichotofautiana ni pakiti.

Jumatatu, dada yake mdogo alifika akiwa amembeba bintiye wa miaka mitatu, mwili unachemka. Maabara walikwisha kuona vimelea. Mizani ilisoma kilo kumi na moja na gramu mia mbili.

"Pakiti za watoto zimekwisha," Gramu alisema. "Gari linakuja Alhamisi."

Dada yake alichungulia rafu. "Na zile zilizojaa pale?"

"Za watu wazima."

"Si vidonge hivyo hivyo? Kata sita, unipe."

"Pakiti haikatwi, mdogo wangu. Nikikata, kinachobaki nitakiitaje?"

"Kaka, huyu ni mpwa wako."

"Ndiyo maana nakueleza kwa upole."

Duka la dawa lililokuwa jirani lilifungwa na wakaguzi mwezi uliotangulia, kwa kosa la kukata pakiti.

Mwaka ule homa ilikuwa inawaondolea watoto uzito. Haikuwakondesha, mashavu yalibaki mviringo na mikono minene kama kawaida, ila uzito ulikuwa unatoka. Jumanne mtoto alikuwa na kilo nane. Jumatano mama yake alimbeba kwapani kama gazeti. Alhamisi gari lilifika kweli, na katoni mbili za pakiti za watoto zikashushwa, na mtoto alipowekwa kwenye sinia mshale ulisimama kwenye kilo nne na nusu.

Gramu alilitazama jedwali, akautazama mstari mweusi, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Ijumaa mtoto aliletwa akiwa na kilo saba. Gramu alifurahi. Alikwisha kunyoosha mkono kuchukua pakiti aliposikia kitu kikigongana ndani ya gauni la mtoto. Akapekua mifuko na kutoa mawe matano na kufuli kubwa.

"Huku ni kughushi," alisema. "Ningempa dozi ya kilo saba, ingekuwaje?"

"Angepona."

"Kwa uzito wa uongo."

Alimrudishia dada yake kufuli, mawe akayatupa nje. Mtoto alinyanyuka kutoka kwenye sinia taratibu, akapita usawa wa dirisha, usawa wa saa ya ukutani, mgongo wake ukagusa ubao wa dari karibu na watoto wengine wanne waliofika huko juma lile. Muuguzi akazima feni.

"Mjomba," mtoto aliita kutoka juu, "una upara."

Benchi zima likaangua kicheko. Gramu alijipapasa utosini. Alipotoka kula mchana, alirudi amevaa kofia.

Hakuwa mtu wa roho mbaya. Jioni ile aliandikia makao makuu barua ya kurasa mbili, akaambatanisha mchoro. Jumatatu lilikuja jibu, pamoja na bunda la kamba. *Wagonjwa walioko darini wasihesabiwe kuwa wamelazwa, kwa kuwa hawatumii vitanda. Kila mmoja afungwe kamba kifundoni. Madirisha yasifunguliwe. Mgonjwa akishuka, apimwe upya.* Kuhusu dawa hawakuandika neno. Watu walilalamikia joto.

Dada yake alikaa kwenye benchi, ncha ya kamba ameizungusha kidoleni. Alimnywesha mtoto maji kwa sponji aliyoifunga kwenye mpini wa ufagio.

"Kaka, mrushie hata kimoja. Nani atajua?"

"Jedwali liko ukutani, kila mtu analisoma."

"Mjomba," mtoto alisema kwa sauti ya kukwaruza, "vua kofia nione."

"Nina kazi, mama."

Jumanne aliomba tena kofia. Jumatano asubuhi hakuomba kitu. Ilipofika saa nne, kamba ililegea, na mtoto akashuka mara moja, kwa uzito wake wote, mapajani mwa mama yake. Benchi lililia.

Muuguzi alikuja, akaweka sikio kifuani, akamfumba macho.

Gramu alitoka nyuma ya dirisha lake. Waraka ulisema apimwe upya. Alimwinua mpwa wake kwa mikono miwili, akamlaza kwenye sinia, akamshika mguu usining'inie ukaharibu kipimo. Mshale ulitetemeka, ukatulia: kilo kumi na moja na gramu mia mbili.

Alisoma mara ya pili. Akalisoma jedwali. Kisha aliingia ndani, akachukua pakiti ya watoto, nzima, akaiandika kwa mwandiko wake safi na kumpa dada yake.

"Kimoja sasa, kingine zikipita saa nane. Kuanzia kesho asubuhi na jioni. Mpe na maziwa." Akakohoa kidogo. "Na asikatize dozi, hata akiona nafuu."

Dada yake aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.

Gramu alivua kofia, akasimama nayo mkononi. Darini mtoto mmoja akacheka. Akaivaa tena, akafuta sinia kwa spiriti, akaita, "Anayefuata."